Mashine Mpya au Mtumba: Tupige Hesabu Kabla ya Kupiga Kura



Mkutano Mkuu wa ushirika wetu umekaribia, na habari iliyojaa midomoni ni moja tu. Kisimani, kilabuni, kwenye foleni ya kusaga, hata pale nje baada ya ibada, watu wanazungumzia mashine ya kufungashia mafuta ya alizeti. Wapo wanaosema tununue mpya, wapo wanaosema tununue mtumba. Imefika hatua watu wanaulizana "wewe uko upande gani?" kama vile kesho Simba na Yanga wanacheza. Sisi wa gazeti hili la ukutani tumeona hatuwezi kukaa kimya mpaka siku ya mkutano, maana siku ile muda ni mchache, jua ni kali, na mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Fedha zitakazonunua mashine hiyo ni hisa zetu na makato yetu ya misimu mitatu. Zikipotea hakuna mjomba mjini atakayezirudisha.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunaitaka mashine yenyewe. Mpaka leo mafuta yetu mengi yanatoka hapa kwa madumu ya lita 20. Mchuuzi anakuja na gari lake wakati wa mavuno, anajua kila kijiji kina mafuta, anapanga bei anavyotaka, anapakia, huyoo anaondoka. Huko mjini mafuta yale yale yanamiminwa kwenye chupa, yanabandikwa karatasi yenye jina la mtu mwingine, na faida inabaki huko huko. Yale machache tunayoyajaza wenyewe, kina mama wa kikundi cha kufungasha wanayajaza kwa faneli na kopo. Wanajitahidi sana, wala hatuwalaumu hata kidogo, lakini kopo si kipimo. Chupa moja inajaa mpaka shingoni, nyingine imepungua kidole kizima. Kizibo kinakazwa kwa mkono, gari likipita kwenye makorongo kinaachia, katoni inalowa. Msimu uliopita mwenye duka mmoja alirudisha katoni zetu kwa sababu hiyo, na hakutaka tena hata kuzungumza habari ya bei.

Tena chupa iliyoandikwa lita 1 inatakiwa iwe na lita 1 kweli. Wakala wa Vipimo wakipita dukani hawapimi bidii ya mtu, wanapima mafuta. Na TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaoshughulikia pia usalama wa chakula, wakija kukagua wanataka waone mahali safi na namna ya kujaza inayoeleweka. Kwa hiyo mashine tunaihitaji. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni mashine ipi.

Bodi italeta mezani mapendekezo mawili. La kwanza ni mtambo uliokwisha tumika, wa kiwanda cha mafuta kilichofungwa mjini. Ni mtambo mzima: unapanga chupa kwenye mkanda, unajaza, unafunga vizibo, unabandika lebo, na mwenye kuuza anasema unatoa chupa 2,000 kwa saa. La pili ni mashine mpya ndogo ya kujazia, ina midomo miwili, mtu anaweka chupa kwa mkono na kukanyaga pedeli, pamoja na kifaa cha kukazia vizibo. Hiyo kwa mwendo wa kawaida inatoa kama chupa 300 kwa saa. Bei zake zimekaribiana. Ndiyo maana wengi wanasema: "Kwa fedha zile zile, kwa nini nichukue mbuzi na ng'ombe yupo?"

Swali zuri. Lakini hebu twende ghalani kwanza.

Tukijaliwa mwaka wa mvua nzuri, ghala likapokea magunia 4,000 ya kilo 65, mashine yetu ya kukamua ikitoa lita 18 kwa gunia tunashukuru. Hizo ni lita 72,000. Zote hazitaingia kwenye chupa, kwani mashule, mama lishe na wakaanga chipsi bado watataka madumu. Tuseme nusu, lita 36,000, tuzitie kwenye chupa za lita moja moja. Mtambo mkubwa utazimaliza kwa saa 18. Saa 18, jamani! Siku mbili na kidogo za kazi. Siku nyingine zote za mwaka utakaa umefunikwa turubai, panya wanatafuna nyaya, na mipira ya kuzuia mafuta yasivuje inakauka na kupasuka. Mashine ndogo itazimaliza kwa saa 120, yaani siku 15 za saa nane nane. Ongeza siku za kusafisha, siku za umeme kukatika, siku za chupa kuchelewa, sema mwezi mmoja. Mwezi mmoja si neno, maana hata mafuta yenyewe hayakamuliwi yote kwa siku moja. Na ikitokea miaka ijayo tukavuna mara tatu ya hapo, mashine hiyo hiyo ndogo itafanya kazi miezi mitatu bila kuongezewa hata bolti.

Kuna wanaojibu kwamba tukiwa na mtambo mkubwa, vijiji vya jirani vitatuletea mafuta yao tuwafungashie. Huenda. Lakini vijiji hivyo vina mashine zao za kukamua na vina akili zao. Mpaka leo hakuna hata kimoja kilichoandika barua ya kusema kitaleta lita kadhaa. Tusinunue sufuria la harusi kwa kutegemea wageni ambao hawajaposa.

Nchi yetu imekwisha kuyaona haya, na kwa gharama kubwa kuliko yetu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa mikoa ya kusini, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na mitambo yake ilikuwa mipya, ya Italia na ya Japani. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna korosho karibu tani 145,000, kwa hiyo waliopanga viwanda walidhani hesabu inatosha. Baadaye bei ya mkulima ikawa ndogo, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, ukaingia na ugonjwa wa ubwiri unga, na ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vikasimama. Mitambo haikuwa na kosa. Ilikuwa haina cha kubangua. Deni nalo halikusimama.

Kile kiwanda cha viatu cha Morogoro nacho ni hivyo hivyo: mashine mpya, mkopo wa Benki ya Dunia, mipango ya kuuza viatu Ulaya, na katika miaka ya 1980 hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake.

Hiyo ni mifano ya mpya. Mfano wa mtumba hatuna haja ya kwenda mbali, uko hapa hapa mkoani kwetu Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga pale Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea. Vita ya dunia ilikuwa imekwisha karibuni, matrekta mapya yalikuwa adimu. Wakanunua matrekta makuukuu ya jeshi, mengi yakitoka kwenye maghala ya vita huko Ufilipino, na wakageuza hata vifaru aina ya Sherman kuwa mashine za kufyekea pori. Bila shaka bandarini yalionekana mengi na ya kutisha. Yalipofika porini yakaanza kufa moja baada ya jingine. Spea hazikupatikana kwa wakati, mafundi hawakutosha, karakana haikutosha, na udongo wa Kongwa kiangazi tunaujua wenyewe, jembe linadunda. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa na hasara ilipita pauni milioni 30 za wakati ule. Hatusemi ni kosa la matrekta peke yake: hata mvua na udongo havikuchunguzwa sawasawa kabla ya kuanza. Lakini mtu akikuambia "chuma cha zamani hakifi", mwambie aende Kongwa.

Sasa basi, mpya imekufa na mtumba umekufa. Ndiyo maana tunasema kwamba kugawana makundi ya "mpya" na "mtumba" ni kugombana juu ya rangi ya ng'ombe. Cha kuuliza ni mawili: tuna mafuta kiasi gani ya kuilisha mashine, na ikiharibika saa nne asubuhi katikati ya msimu, nani ataitengeneza na kwa kipuri kinachotoka wapi.

Hatutaki mtu aondoke hapa ukutani akisema gazeti linachukia mtumba. Injini za Lister zilizosaga mahindi vijijini miaka na miaka, ngapi kati yake zilifika mikononi mwa mwenye mashine wa pili au wa tatu zikiwa bado zinapiga tuku-tuku-tuku? Zilidumu kwa sababu zinakwenda polepole, chuma chake ni kinene, na fundi anaifungua kwa spana anazozijua. Vivyo hivyo kuna mashine za kufungasha za miaka 40 iliyopita, zinazokwenda kwa giya na mikanda, ambazo kipuri chake unaweza kuchongesha karakana yoyote yenye mashine ya kukereza chuma. Na kuna mashine ya jana tu, inang'aa, ambayo akili yake yote iko kwenye kadi ya umeme. Kadi ikiungua, fundi mwenye mikono ya dhahabu anabaki kuitazama kama sisi wengine. Mashine kuukuu inayoeleweka ni bora kuliko mpya iliyofungwa.

Mtambo ule wa mjini je? Wajumbe waliokwenda kuuona waliukuta umesimama. Wakaelezwa kwamba umeme wa kiwanda umekatwa. Labda ni kweli. Lakini sisi ni watu wa mifugo. Ng'ombe wa kununua mnadani humwoni amelala ukatoa fedha. Unamsimamisha, unamtembeza, unamfungua mdomo uone meno. Mtambo wa fedha zote hizi tutaununua umelala? Mwenye kuuza kama anauamini, akodi jenereta, sisi tupeleke mafuta yetu na chupa zetu, uende kutwa nzima mpaka upate moto. Mashine mbovu saa ya kwanza inajikaza. Saa ya tano ndipo beringi zinaanza kulia, mikanda inateleza, na mafuta yanaanza kudondoka chini. Tuhesabu chupa kwa saa yetu wenyewe, tuchukue chupa kumi za mwanzo, kumi za katikati na kumi za mwisho, tuzipime. Kama zinapishana, hicho ni kopo na faneli vilivyovaa suti.

Kisha aulizwe bei ya kitu kimoja tu kidogo: ule mpira unaokaa kwenye pistoni ya kujazia. Unapatikana wapi, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi. Akijibu papo hapo na kuonyesha stakabadhi ya mwisho aliyonunulia, hiyo ni dalili njema. Akianza kueleza habari za kampuni iliyoutengeneza ilivyokuwa kubwa zamani, tujue kampuni hiyo imekwisha kufa au haishughuliki tena na mashine za namna hiyo. Aulizwe pia kitabu cha mashine kiko wapi. Mashine isiyo na kitabu ni kama mgonjwa asiyeweza kusema anaumwa wapi.

Jambo jingine ambalo halisemwi ni kile mashine ilichokuwa inajaza kabla. Mtambo huu ulijaza mafuta ya kula, na hilo ni zuri. Lakini madalali wana mitambo mingine ambayo huenda ilijaza sabuni ya maji, dawa za mimea, hata tindikali za betri, na ukiipaka rangi inafanana na hii. Ya namna hiyo tusiikubali hata ikiwa bure, maana yanayokwenda kwenye chupa yanakwenda kwenye sufuria za watoto. Mahali mafuta yanapogusa pawe chuma kisichoshika kutu. Wala si kutu tu: shaba nayo haifai, kwa sababu mafuta yakigusana na shaba yanachacha upesi. Bomba moja la shaba lililowekwa na fundi wa haraka linatosha kuharibu jina letu dukani.

Umeme nao tuuangalie kwa makini, kwani wengi wetu tukiona taa inawaka tunadhani tumemaliza. Laini iliyofika kijijini kwetu ni ya fezi moja. Mtambo wa mjini una mota za fezi tatu. Kuleta fezi tatu mpaka ghalani ni nguzo, ni nyaya, ni fomu, ni kungoja, na fedha zake hazimo katika bei aliyoitaja muuzaji. Na ndugu mmoja aliyeleta wazo kwamba badala ya mtambo wa mjini tuagize mtumba kwa meli kutoka Marekani, tumwombe asome kwanza kibao kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama wa Ulaya. Wa Marekani ni mizunguko 60 na nguvu yake ni tofauti na yetu. Japani ndio kabisa, upande wa Tokyo ni 50 na upande wa Osaka ni 60. Mota ya 60 ukiiendesha kwa 50 inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na usiporekebisha nguvu ya umeme inapata joto mpaka inaungua. Watu wanaouza kwenye kontena hawakuambii hayo.

Sasa tujumlishe. Kufungua mtambo mjini bila kuuvunja, na kuandika namba kila kipande ili uweze kuunganishwa tena. Lori na winchi. Sakafu ya zege nene, maana ghala letu lina sakafu ya magunia, si ya mashine. Mpashio wa hewa, kwa kuwa mtambo ule hauendi bila upepo. Fezi tatu. Fundi wa kuunganisha, na posho yake, na siku zake za "kesho namaliza". Tulijaribu kuandika hesabu hiyo pembeni ya karatasi na karatasi ikajaa. Bei mbili zilizokaribiana pale mwanzo hazikaribiani tena. Mtumba umekuwa ghali kuliko mpya, na bado haujajaza chupa hata moja.

Lakini wa upande wa mpya nao wasishangilie. Neno "mpya" lina hila zake. Kuna mashine kuukuu zinazopakwa rangi na kuuzwa kama zimetoka kiwandani juzi. Angalieni vichwa vya bolti. Bolti iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi inajulikana, pembe zake zimeliwa. Angalieni kibao cha mwaka kama hakikubanduliwa na kubandikwa upya. Na ile dhamana ya mwaka mmoja, isomeni mpaka mwisho. Kama fundi wa dhamana anakaa Dar es Salaam na nauli yake ni juu yetu, basi tuiite kwa jina lake: ni ahadi ya kupokea simu. Tudai mipira, springi na midomo ya akiba ya misimu miwili iwe ndani ya bei, na mashine iletwe, ifungwe, ijaze chupa 500 mbele ya wajumbe, ndipo sehemu ya mwisho ya fedha ilipwe. Anayekataa kulipwa kwa sehemu anajua kitu ambacho sisi hatukijui.

Tena mpya si lazima itoke ng'ambo. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na kazi yake ni watu kama sisi. Arusha kuna TEMDO, ambao kazi yao ni kubuni mashine na mitambo. Kabla ya kuandika hundi kwa mtu yeyote, bodi iwaulize hao kwanza. Mashine iliyochomelewa nchini haing'ai kama ya kwenye picha, lakini ikivunjika, aliyeitengeneza yuko safari ya basi moja.

Kwa hiyo sisi tunaonaje? Tunaona mkutano uchukue mashine ndogo mpya ya kujaza na kifaa cha kukazia vizibo, kwa sababu hapo ndipo kipimo kilipo na ndipo mafuta yanapoguswa. Inakwenda kwa fezi moja tuliyonayo. Vijana wetu wawili waliosoma VETA waliangalia michoro yake, wakasema hakuna kitu ndani yake wasichoweza kukifungua na kukirudisha. Na kina mama wa kikundi hawafukuzwi kazini. Wao ndio watakaoweka chupa, kukanyaga pedeli, kukagua, kubandika lebo na kupanga katoni, kwa ujira unaojulikana. Mtambo mkubwa ungetaka watu watatu tu, na mmoja wao angetoka mjini.

Lakini tusimwache yule muuzaji wa mjini hivi hivi. Kwenye kiwanda kile kile kuna matangi mawili ya chuma kisichoshika kutu ya kutulizia mafuta, kuna meza za chuma na rafu. Tangi halina giya, halina kadi ya umeme, wala halizeeki kwa kupumzika. Ukilijaza maji usiku kucha na asubuhi ukakuta chini pakavu, umekwisha kulikagua. Mitumba ya namna hiyo ndiyo ya kununua, na tukiinunua tutaokoa fedha za kutosha kununua chupa na katoni za msimu mzima. Wengi wetu tumesahau kabisa kwamba mashine bila chupa ni pambo la ghalani. Na katoni ni lazima, kwa maana mafuta yaliyoanikwa juani barabarani yanaharibika hata kama yamejazwa na mashine ya dhahabu.

Kuna moja zaidi, nalo ni zito. Upande wa mtambo mkubwa unataka tukope, kwa kuwa fedha zilizopo hazitoshi gharama zote tulizozitaja. Chama cha ushirika hakikopi kienyeji. Kuna ukomo wa madeni unaopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, na ukomo huo ukishapitishwa mnyororo uko shingoni mwetu sote, hata kwa yule ambaye siku hiyo alikwenda minadani. Mashine ndogo tunailipia kwa fedha zetu zilizoko benki, na chenji inabaki. Kama mwaka ukiwa wa ukame, na huku Dodoma ukame si mgeni, mashine ndogo iliyolipiwa itakaa kimya isubiri mvua. Deni halijui mvua.

Mwisho tunaomba kwa heshima jambo ambalo limenong'onwa lakini halijasemwa. Mtambo ule wa mjini umeletwa kwetu na dalali, na dalali anakula asilimia. Hilo si dhambi, ndiyo kazi yake. Lakini kama kuna mjumbe au mwanachama yeyote ambaye naye ana fungu humo, siku ya mkutano asimame aseme kabla ya kura, halafu akae nje wakati wa kupiga kura. Hatumtaji mtu na hatujui kama yupo. Tunasema ili atakayeuliza mkutanoni asionekane mchochezi.

Karatasi za bei zote mbili, pamoja na hesabu yetu ile iliyojaa pembeni, ziko kwa karani wa ghala kila siku asubuhi. Asiyejua kusoma aende na mtoto wa shule. Vijana wa VETA watakuwa ghalani Jumamosi alasiri kuonyesha mchoro na kujibu maswali, na wenye mawazo ya kupinga maoni haya wanakaribishwa kuyaandika. Nafasi iliyoachwa wazi hapa chini ni yenu. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari, tafadhali isiondoke.